Lulu Nyeusi wa Casablanca: je, alivishwa kilemba cha ukoka?

Hakuna ubishi mrefu kwenye baraza zetu za Pwani kuliko ubishi wa mpira. Watu hutoka msikitini baada ya sala ya Alasiri, kahawa ikapita, kashata ikapita, na kama timu ya taifa imefungwa wiki hiyo basi maneno hayamaliziki mpaka adhana ya Magharibi. Na ubishi wenyewe ni uleule siku zote. Mmoja atasema magazeti na redio ndizo zilizotuponza, zimempamba fulani na fulani mpaka wachaguzi wa timu wakaona haya kumwacha nje. Mwengine atajibu kwamba mchezaji yule ni hodari kwelikweli, ila wenziwe ndio mizigo. Mzee mmoja kando atatikisa kichwa na kusema kwamba wachezaji wa zamani hawakuhitaji magazeti.

Huyo mzee ndiye aliyenifanya nimkumbuke marehemu Larbi Ben Barek. Kwa maana yeye ni wa zamani hasa, tena ni Mwafrika na Mwislamu mwenzetu, na hapana mchezaji wa zama zake aliyepambwa na magazeti ya Ufaransa kuliko yeye. Maisha yake yanafaa kutazamwa polepole, kwa sababu kila anayeshika upande wake barazani atapata humo cha kushikia, na kila mmoja atapata pia cha kumnyamazisha.

Tuanze na jina. Larbi Ben Barek ni matamshi ya Wafaransa. Kwa ulimi wetu ni Al-Arabi bin Mubarak, na lau angezaliwa Mji wa Kale hapa Mombasa tungemwita Arabi Mbarak na mambo yakaisha. Alizaliwa Casablanca, mji ambao Waarabu huuita Dar al-Baidha, yaani nyumba nyeupe. Mwaka wa kuzaliwa kwake umeandikwa namna mbili: wako waandikao 1914 na wako waandikao 1917. Msomaji aiweke akilini tofauti hiyo ya miaka mitatu, kwa sababu magazeti yalikuja kuitumia vizuri sana baadaye.

Moroko wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Wafaransa tangu mwaka 1912. Sultani alikuwapo, lakini amri ilikuwa ya Mfaransa. Mpira ulikuja na meli pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara, na vijana wa mitaani wakauchukua wakaufanya wao. Ben Barek alitoka katika vijana hao. Alianza katika klabu ndogo ya mjini, kisha akachukuliwa na Union Sportive Marocaine, klabu kubwa ya Casablanca. Nafasi yake ilikuwa ile ambayo wazee wetu waliiita insaidi, mtu wa kuchukua mpira katikati ya uwanja na kuupeleka mbele. Alikuwa na kimo, alikuwa na mbio, na mpira ukimfikia ulitulia kama uliotiwa gundi.

Mwaka 1937 timu ya Moroko ilicheza na timu ya pili ya Ufaransa, na waliokuja kutazama wakarudi kwao na jina moja midomoni. Mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Olympique de Marseille. Katika msimu wake wa kwanza, wa 1938 na 1939, Marseille ilimaliza ya pili katika ligi nyuma ya Sète. Lakini Wafaransa hawakumngoja amalize hata nusu ya msimu. Tarehe 4 Disemba 1938 alikuwa tayari amevaa jezi ya timu ya taifa ya Ufaransa, huko Naples, kucheza na Italia.

Mechi hiyo haikuwa ya mpira peke yake. Italia ilikuwa bingwa wa dunia, imetoka kulitwaa kombe lake mjini Paris miezi michache kabla. Mwaka huohuo wa 1938 serikali ya Mussolini ilikuwa imetunga sheria za ubaguzi wa kabila na damu. Na siku nne tu kabla ya mchezo, wabunge wa Italia walisimama mjini Roma wakapiga kelele kudai Tunis, Corsica na Nice ziondolewe mikononi mwa Mfaransa. Katika moto huo ndimo alimotupwa kijana mweusi kutoka Casablanca, amevalishwa rangi za dola ambayo hata kwao hakuichagua. Watazamaji walimzomea. Husimuliwa kwamba wakati wimbo wa taifa wa Ufaransa ulipopigwa na kuzomewa, yeye aliuimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Ufaransa ikafungwa bao moja kwa bila, lakini waandishi walirudi Paris wakimwandika yeye.

Hapo ndipo jina la Lulu Nyeusi lilipoenea. Hebu tulitazame jina hilo, maana ndilo lililombeba na ndilo lililomziba. Sisi watu wa bahari twaijua lulu. Lulu haijisemei. Hupigiwa mbizi, hutolewa kwenye chaza, hupimwa na kununuliwa, na sifa huenda kwa shingo inayoivaa. Sisemi kwamba waandishi wa Paris walimchukia, la hasha, walimpenda. Lakini walimpenda kama mtu apendavyo kito alichokipata nchi ya mbali. Mchezaji Mfaransa akikosa bao, aliandikwa kuwa amekosa bao. Ben Barek akikosa bao, iliandikwa kuwa lulu haikung'aa. Baadaye majina ya namna hiyo yakawa desturi. Pelé na Eusébio nao walikuja kuitwa lulu nyeusi na magazeti ya kwao. Ben Barek ndiye aliyetangulia.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili mwaka 1939. Alirudi Casablanca, akachezea tena klabu yake ya zamani mpaka vita vikaisha. Ukifuata hesabu ya 1917, vita vilimchukua tangu umri wa miaka 22 mpaka 28. Ukifuata ile ya 1914, ni tangu 25 mpaka 31. Kwa hesabu yoyote ile, miaka iliyo bora ya mchezaji ilipita bila mechi za mataifa, na Kombe la Dunia la 1942 na la 1946 hayakuchezwa kabisa. Kombe la 1938 lilikuwa limempita kwa miezi michache. Basi huyu ni mtu aliyeitwa mmoja wa wachezaji bora wa dunia bila kupata hata siku moja kusimama mbele ya dunia.

Mwaka 1945 alirudi Ufaransa, safari hii Paris, katika klabu ya Stade Français. Mwalimu wake alikuwa Helenio Herrera, yule ambaye miaka ya 1964 na 1965 aliipa Inter Milan ubingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo. Herrera alizaliwa Argentina lakini alikulia Casablanca, hivyo walijuana kwa lugha ya mtaani. Ben Barek aliitwa tena timu ya taifa. Na mwaka 1948 klabu ya Atlético ya Madrid ikaja na faranga milioni 17, fedha ambazo watu wa wakati huo walizitamka kwa kunong'ona.

Paris ililia. Mwandishi mmoja aliandika kwamba ni afadhali Wafaransa waliuze lango lao la ushindi, au hata mnara wa Eiffel, kuliko kumuuza Ben Barek. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi mno mpaka leo, na ndiyo mfano mzuri wa ugonjwa tunaouzungumzia. Mnara wa Eiffel! Mtu ambaye hakuwa ametwaa ubingwa wa Ufaransa hata mara moja. Ukimwonyesha mzee wetu wa barazani ataguna na kusema, haya, kilemba cha ukoka ndicho hicho.

Lakini subiri kwanza, maana Madrid ndiko kilemba kilikojaribiwa. Magazeti ya Kihispania hayakuwa na sababu ya kumpenda. Huko alikuta washambulizi wengine wazuri, akiwamo Carlsson kutoka Sweden, Escudero, Juncosa na Pérez Payá, na safu yao ya mbele ikaitwa safu ya kioo. Mwaka 1949 Herrera naye akaja kuwa mwalimu. Atlético ikatwaa ubingwa wa Uhispania mwaka 1950 na tena mwaka 1951. Ben Barek alitia zaidi ya mabao 50 ya ligi katika miaka yake mitano huko. Pasi zake hazikuhesabiwa na yeyote, lakini waliocheza pembeni mwake ndio waliofaidi. Kilemba cha ukoka hakifui dafu mbele ya miaka mitano ya namna hiyo. Jua moja tu lingekikausha.

Sasa angalia jambo la ajabu. Katika miaka hiyohiyo, alipokuwa bingwa wa Uhispania mara mbili, timu ya taifa ya Ufaransa haikumwita. Tangu mwaka 1948 mpaka 1954 hakucheza hata mechi moja. Aliyekwenda kucheza ng'ambo alikuwa amejitoa machoni, na aliyetoka machoni mwa waandishi wa Paris alitoka pia midomoni mwao. Disemba 1949 Ufaransa ilifungwa na Yugoslavia mabao 3 kwa 2 mjini Florence, ikakosa kwenda Kombe la Dunia la Brazil. Ben Barek alikuwa Madrid. Mwaka 1954 ikaenda Uswisi bila yeye, ikarudi baada ya hatua ya kwanza. Wale waliosema hauziki kwa mnara wa Eiffel hawakuupanda mnara huo kumwita.

Mwaka 1953 alirudi Marseille, sasa akiwa mtu mzima, mwenye kuchagua wapi pa kukimbia na wapi pa kutembea. Klabu ikafika fainali ya Kombe la Ufaransa mwaka 1954, ikafungwa na Nice mabao 2 kwa 1. Kila mtu aliona kuwa jua lake linatua. Na lingetua kwa utulivu, lau si msiba uliotokea Algeria.

Tarehe 9 Septemba 1954 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Orléansville, ambao sasa huitwa Chlef. Zaidi ya watu elfu moja walifariki. Wafaransa wakaandaa mechi ya kuchangia wahanga: timu yao ya taifa dhidi ya wachezaji wa Afrika ya Kaskazini, Paris, tarehe 7 Oktoba. Upande wa Afrika walikuwapo vijana wa Algeria kama Mustapha Zitouni na Abdelaziz Ben Tifour, alikuwapo Abderrahman Mahjoub wa Moroko, na katikati yao mzee wao, Ben Barek. Ilidhaniwa kuwa ni mchezo wa sadaka. Waafrika wakashinda mabao 3 kwa 2, na mzee akacheza kama aliyerudishiwa ujana kwa usiku mmoja.

Asubuhi yake magazeti yakachafuka. Ben Barek arudishwe! Wachaguzi ni vipofu! Waandishi walewale waliomsahau miaka sita wakagundua kwamba Ufaransa haiwezi kuishi bila yeye. Na hapa ndipo ile tofauti ya miaka mitatu ilipofaa. Mtu wa miaka 37 kuitwa timu ya taifa ni habari. Mtu wa miaka 40 ni muujiza, na muujiza huuza gazeti. Basi akawa wa miaka 40.

Wakati kelele hizo zikipigwa Paris, Sultani Mohammed wa Tano, mfalme wa nchi ya Ben Barek, alikuwa uhamishoni Madagascar. Wafaransa walikuwa wamemtoa kwake Agosti 1953, wakampeleka Corsica, kisha wakamvusha mpaka kisiwa hicho cha bahari yetu ya Hindi. Ndiyo kusema, Mfaransa alikuwa amemfukuza sultani wa Moroko kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamsihi raia wa sultani huyo aje amsaidie mpira. Kurasa za michezo hazikuona haja ya kulitaja hilo.

Wachaguzi wakasalimu amri. Tarehe 16 Oktoba 1954, siku tisa baada ya mechi ya Paris, Ben Barek aliingia uwanjani Hannover kucheza na Ujerumani ya Magharibi, mabingwa wapya wa dunia. Kabla ya nusu ya kwanza kumalizika aliumia, akatolewa. Ufaransa ikaendelea bila yeye, ikawafunga mabingwa wa dunia mabao 3 kwa 1, kwao, mbele ya watu wao. Ushindi mkubwa kuliko wote wa Ufaransa katika miaka hiyo ulipatikana huku mtu aliyedaiwa kwa vishindo ameketi na mguu wake.

Hakuitwa tena.

Huo ndio mfano ambao mzee wa barazani angeupenda, na lazima tukubali kuwa una nguvu. Magazeti yalilazimisha mchezaji apangwe kwa ajili ya mechi moja ya sadaka, mwili wake haukuweza, na timu ikaonyesha kuwa ilikuwa inajiweza. Kwa tarakimu tupu, tangu Naples mpaka Hannover ni miaka 15 na miezi 10, na hakuna Mfaransa aliyewahi kuvaa jezi ya taifa kwa muda mrefu kama huo. Lakini ndani ya muda wote huo alicheza mechi 17 na kutia mabao 3. Mabao 3! Ukimsomea tarakimu hizo kijana wa leo atacheka, atauliza lulu iko wapi.

Mimi naona tarakimu hizo zasema jambo jengine. Mechi 17 katika miaka karibu 16 si hesabu ya mtu aliyepewa kupita haki yake na timu ya taifa. Ni hesabu ya mtu aliyepewa sifa mahali pa mechi. Vita vilimnyang'anya nusu, Madrid ikamnyima nusu ya nusu iliyobaki, na alipokuwa katika ukamilifu wake hakuna aliyempigia kelele. Kelele zilipigwa alipokuwa mgeni, kwa sababu alikuwa kioja, na zikapigwa alipokuwa mzee, kwa sababu alikuwa hadithi. Katikati, alipokuwa mchezaji tu, mwenye kufanya kazi yake kila Jumapili kule Uhispania, kurasa zilikuwa zimejaa watu wengine. Kosa la magazeti basi halikuwa kumsifu mtu asiyestahili. Alistahili. Kosa lilikuwa la saa.

Na yeye mwenyewe? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga, lakini huyu hakutia. Mtu aliyelewa sifa hawezi kufuatwa na klabu kubwa za nchi mbili mpaka anakaribia miaka arobaini.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Novemba 1954 vita vya uhuru vikaanza Algeria. Ben Barek alivuka kwenda kumalizia mpira wake huko, katika mji wa Sidi Bel Abbès. Moroko ikapata uhuru mwaka 1956, sultani akiwa amekwisha kurudi, na Ben Barek akawahi kuifundisha timu ya taifa ya nchi yake, timu ambayo hakupata kuichezea ilipokuwa huru. Wenzake wa ile mechi ya tetemeko, Zitouni na Ben Tifour, walitoroka Ufaransa mwaka 1958 wakajiunga na timu ya wapigania uhuru wa Algeria, miezi miwili kabla ya Kombe la Dunia ambalo Zitouni alikuwa atalicheza na Wafaransa. Wao walikuwa vijana na njia hiyo ilikuwa wazi kwao. Kwa Ben Barek ilikuwa imechelewa.

Liko neno moja ambalo hurudiwa kila anapotajwa, husemwa kuwa lilitoka kinywani mwa Pelé. Pelé alipokuwa akiitwa mfalme wa kandanda, inasimuliwa kuwa alimpa Ben Barek cheo cha juu zaidi ya ufalme. Cheo chenyewe Mwislamu hakitamki kwa kiumbe, nami sikiandiki hapa. Naamini Al-Arabi bin Mubarak naye, aliyelelewa kwa adhana za Dar al-Baidha, asingependa kuitwa hivyo. Lakini neno hilo limechapishwa mara nyingi kuliko jina la klabu yake ya kwanza, na wengi wanaolirudia hawawezi kutaja hata bao lake moja.

Alifariki Casablanca Septemba 1992. Alikuwa peke yake nyumbani, na siku kadhaa zilipita kabla hajakutwa. Sisi ambao maiti akichelewa kuzikwa tangu Adhuhuri mpaka Alasiri jirani huanza kuulizana, hatuwezi kulisoma jambo hilo upesi tukapita. Mtu ambaye mji mzima wa Paris ulimlilia asiuzwe hakuwa na mtu wa kubisha hodi mlangoni pake asubuhi moja.

Baada ya hapo magazeti yalimkumbuka. Uwanja mmoja wa Casablanca, uliokuwa na jina la Kifaransa, ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 1998 shirikisho la mpira la dunia likamtunukia nishani yake ya heshima, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa sita, wakaipokea wengine. Habari za siku ile zilimtaja kuwa alizaliwa mwaka 1914 katika gazeti moja na mwaka 1917 katika jengine.